Wanakuja kutathmini hasara ya mwani wetu: tuwape nini, tudai nini?

katibu_wa_mwani (Kusini Unguja)

Assalaam alaykum wanajamvi,

Mimi ni katibu wa ushirika wa kinamama wakulima wa mwani, mwambao wa mashariki wa Unguja. Juzi sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yetu, alituita. Anasema kuna fedha zinaombwa nje kwa ajili ya kutathmini hasara na uharibifu uliotokana na mabadiliko ya tabianchi, na zikipatikana, shehia yetu itakuwa miongoni mwa zitakazofikiwa mwanzo. Tujiandae na taarifa zetu. Taarifa zipi, hakufafanua, na naona hata yeye hakufafanuliwa.

Nieleze hali yetu. Mwani wa biashara huku ulianza 1989, Paje na Jambiani, na mama zetu ndio walioingia baharini. Zililetwa aina mbili, cottonii na spinosum. Cottonii ndiyo yenye bei, hununuliwa karibu mara mbili ya mwenzake. Sasa cottonii haishiki tena. Ukiifunga wakati wa kusi, miezi ya baridi, inaota vizuri. Kaskazi, miezi ya joto, ikiingia, maji yakapata moto, ncha zinapauka, zinakuwa nyeupe pe, shina linalainika, ukilishika linakatika mkononi. Bamvua linalofuata, maji yakipwa sana, unakuta kamba tupu, tai-tai (vijikamba vya kufungia mwani) zinaning'inia. Tumebaki na spinosum, na hiyo nayo kaskazi imeanza kuipunguza. Wenye nguvu wamehamia maji makubwa zaidi, lakini kule kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui. Waliochoka wameacha kabisa.

Ushirika hauna vitabu vya maana. Tuna kitabu cha michango na mahudhurio. Uzito wa mwani anauandika wakala wa kampuni kwenye daftari lake. Mtu akija akatuuliza tumepoteza kiasi gani, tumjibu nini?

Na jingine linalonikera: tumeshahojiwa mno. Watu wanakuja na vishikwambi, wanauliza mpaka maji yanajaa, wanaondoka, na hatujapata kuona hata karatasi moja ya walichokiandika. Safari hii nataka tujue cha kudai kabla hatujafungua midomo. Mwenye uzoefu na tathmini hizi anisaidie.

mzee_wa_tathmini (Dodoma)

Bi Katibu, wa alaykum salaam. Nimeshika fomu za tathmini ya maafa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, hapa nchini na nje ya mipaka, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Univumilie.

Uelewe kwanza fomu yenyewe ilitengenezwa kwa kazi gani. Njia inayotumika zaidi ni ile ya kutathmini mahitaji baada ya maafa, ambayo Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya walikubaliana mwaka 2008 waitumie kwa pamoja. Inakwenda kisekta: nyumba, barabara, kilimo, afya, elimu. Kila sekta ina safu ya vitu vilivyoharibika na safu ya mapato yaliyokatika, halafu mwishoni panakuja gharama za kurejesha hali. Malawi walipopigwa na kimbunga Freddy Machi 2023, hesabu ilitoka dola milioni 506.7 za uharibifu na hasara, na dola milioni 680.4 za mahitaji ya kujijenga upya. Hesabu ya namna hiyo inawezekana kwa sababu kimbunga kina tarehe. Daraja lilikuwepo Jumamosi, Jumanne halipo. Unapiga picha, unakadiria zege na nondo, unaandika.

Cottonii haikufa kwa tarehe. Imepungua kidogo kidogo, na kila mwaka mbaya ukawa ndio kipimo cha mwaka uliofuata. Mtathmini akija leo na fomu ya kimbunga atakuta spinosum kwenye kamba, ataandika kwamba mwani unaendelea kuzalishwa, kisha atafungua ukurasa wa barabara. Fomu yake haina mahali pa kuandika zao ambalo watu wameacha kulipanda kwa sababu bahari imelikataa. Hapo ndipo hasara yenu kubwa ilipo, na hapo ndipo itakapopotea msipojipanga.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kuonesha kilichokuwepo. Hilo daftari la wakala lina thamani kuliko yote uliyoyataja. Mwendeeni kwa adabu, mkiwa pamoja na sheha. Msimuulize bei wala mambo yake ya biashara. Mnataka kitu kimoja tu: kilo kavu alizopima, kila aina peke yake, mwezi kwa mwezi, kurudi nyuma mpaka pale madaftari yaliposalimika. Kilo kwanza, shilingi baadaye. Bei ya mwani inapangwa na wanunuzi wa nje, na ikishuka si bahari iliyoishusha. Mtathmini makini akikuta mmechanganya hasara ya bei na hasara ya joto, atatilia shaka zote mbili.

Mkizipata kilo, zigaweni kwa idadi ya waliouza mwezi ule, mpate kilo kwa mkulima mmoja. Halafu zipangeni kwa misimu. Hili naomba mlifanye hata kama mengine yatawashinda. Kama mavuno yamepungua kwa sababu mbegu zimechoka au sehemu ya pwani imechukuliwa na shughuli nyingine, yatapungua mwaka mzima. Kama ni joto la maji, mtaona kaskazi inaporomoka huku kusi inajikaza. Kama ni mvua kubwa, masika ndiyo itakayosema, maana maji ya mvua yakijaa kwenye maji mafupi chumvi inapungua na mwani unaoza. Mtu yeyote anaweza kuuona mpangilio huo kwenye karatasi bila kompyuta. Tena kuna pa kuuegemeza: watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja, akiwemo Dk. Flower Msuya, wameandika kwa miaka mingi kuhusu joto la maji na magonjwa ya mwani. Daftari lenu likikubaliana na vipimo vyao, hakuna atakayewaambia kwamba mnakisia.

Sasa suala la "mkuu wa kaya". Karibu kila fomu niliyowahi kuishika inaanza na mstari huo. Anayeandikwa ni baba. Shughuli ya kaya inaandikwa uvuvi, kwa sababu baba ni mvuvi. Mwani wa mama unaingia kwenye "mapato mengine", mara nyingi kwa kukadiriwa na baba ambaye hajawahi kusimama kwenye mizani. Nimeona sehemu nyingine kazi nzima ya wanawake ikimezwa na mstari mmoja namna hiyo, na ripoti ikatoka ikisema maisha ya watu hayakuyumba sana. Mwanzoni kabisa daini kwamba mkulima wa mwani aandikwe kwa jina lake, na aulizwe yeye.

Kuhusu mambo yasiyo na bei, yaandikeni, ila msiyalazimishe kuwa shilingi. Ada ya madrasa au ya skuli iliyokuwa ikitoka kwenye cottonii. Binti aliyeacha kumfuata mama yake baharini. Woga wa maji makubwa. Kwenye mazungumzo ya kimataifa hasara zisizo za kiuchumi zina sehemu yake, na maelezo ya mtu mmoja yaliyoandikwa vizuri, kwa jina na mwaka, hubeba uzito kuliko kukadiria thamani isiyokadirika.

Suala la kudai nitalirudia. Kwanza niambie kama wakala atakubali.

mwalimu_wa_kaskazini (Pemba)

Mzee, shukrani. Sisi huku kaskazini Pemba si mwani peke yake, ni mabonde ya mpunga. Bamvua kubwa maji ya chumvi yanapanda mpaka bondeni. Mwaka wa kwanza mpunga unakuwa wa njano, wa pili hautoi suke, wa tatu bonde linaota nyasi za chumvini na hakuna anayelima. Tumejenga matuta kwa mikono yetu, yamesaidia kiasi.

Swali langu ni gumu kidogo. Baadhi ya mabonde yaliingiliwa baada ya mikoko kukatwa, na waliokata ni watu wetu wenyewe, kwa kuni na chokaa. Tukisema hivyo si tutanyimwa? Tukinyamaza si tutakuwa tunasema uongo?

mzee_wa_tathmini (Dodoma)

Mwalimu, semeni. Semeni nyinyi wa mwanzo kabla hajasema mgeni. Bahari kupanda na mikoko kukatwa vinafanya kazi pamoja, na hakuna mtaalamu asiyelijua hilo. Gaweni mabonde mafungu mawili: yaliyoingiliwa mahali ambapo mikoko bado imesimama, na yaliyoingiliwa palipokatwa. Fungu la kwanza ndilo ushahidi wenu mkubwa. La pili ndilo hoja yenu ya kuombea fedha za kupanda mikoko na kuimarisha matuta. Atakayechanganya yote pamoja atapoteza yote.

Na andikeni mwaka ambao kila bonde lilivunwa mara ya mwisho. Wazee wanaikumbuka miaka hiyo kwa uchaguzi, kwa msiba, kwa mtoto aliyezaliwa. Kaeni nao wangali hai.

afisa_mipango (Mjini Magharibi)

Nichangie upande wa fedha, maana naona watu wanachanganya milango.

Kuna Mtandao wa Santiago. Uliundwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Madrid mwaka 2019, ofisi yake iko Geneva, na unalelewa na ofisi mbili za Umoja wa Mataifa: UNDRR, ya kupunguza hatari za maafa, na UNOPS, ya huduma za miradi. Huu hautoi fedha mkononi. Unalipia wataalamu waje wafanye kazi ambayo nchi imeomba, kama vile kutathmini hasara, kutengeneza mfumo wa kumbukumbu au kuandaa maombi. Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ni miongoni mwa waliobisha hodi mapema. Nadhani anachokisema sheha ni kitu cha namna hii.

Halafu kuna Mfuko wa Kukabili Hasara na Uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai siku ya kwanza ya mkutano wa 2023. Awamu yake ya mwanzo ni dola milioni 250. Bodi ya Mfuko iliipitisha awamu hiyo kwenye kikao chake cha Barbados, Aprili 2025, na mwaliko wa maombi ukatangazwa Belém, Brazil, Novemba 2025. Ombi moja ni kati ya dola milioni 5 na milioni 20, kwa ruzuku. Angalau nusu ya fedha hizo imetengwa kwa nchi zenye maendeleo duni kabisa na nchi ndogo za visiwa. Ndugu zangu tuelewane hapa: Zanzibar ni visiwa, lakini orodha ile ni ya nchi kamili, kwa hiyo hatuingii kwa mlango wa visiwa. Tunaingia kwa sababu Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni. Jirani yetu Kenya, pamoja na mafuriko yote ya 2024, hana mlango huo.

Maombi yanapita kwenye kiungo cha nchi, yaani ofisi ya serikali iliyoteuliwa kuwasiliana na Mfuko. Kwa Tanzania masuala ya tabianchi yako Ofisi ya Makamu wa Rais, na kwa Zanzibar mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Bi Katibu, barua yenu ikiandikwa ipitie kwa sheha, iende wilayani, na nakala ifike Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar. Bila nakala hiyo itakaa mezani kwa mtu.

kijana_wa_pwani (Tanga)

Samahani wakubwa zangu, mimi roho inaniuma. Watu wamepoteza riziki, tunaongelea kulipia wataalamu wa kuhesabu kilichopotea? Dola za tathmini zinunue boti kwa hao kinamama, zilipie mwalimu wa kuogelea, zinunue neti za kulimia maji makubwa. Hasara wanayoijua wao inatosha.

mzee_wa_tathmini (Dodoma)

Mwanangu, uchungu wako ni wa haki na sitakubishia kuhusu boti. Lakini tazama hesabu. Ahadi zote za dunia kwa Mfuko ule hadi 2025 hazikufika dola bilioni moja, na ahadi si fedha iliyofika. Mahitaji ya Malawi peke yake baada ya kimbunga kimoja yalikuwa milioni 680. Maana yake nchi zitagombea. Kwenye ugombezi huo atakayeshinda ni mwenye maandishi, na wenye maandishi siku zote ni wenye madaraja na bandari, kwa sababu wana wahandisi na michoro. Mama wa mwani hana mchoro. Asipohesabiwa, boti unayomwombea itakwenda kujenga daraja la mtu mwingine, na kwenye karatasi itaonekana ni haki.

Ninalokubaliana nawe kwa moyo wote ni kwamba fedha za tathmini hazitakiwi ziishie kwenye ripoti na tiketi za ndege. Na hapo narudi kwa Bi Katibu na suala la kudai.

Daini kwamba sehemu ya fedha ibaki shehiani kwa kazi ya kuendelea kuandika. Si kazi ya gharama. Kinamama wawili wanaojua kuandika, walipwe posho ya haki kila bamvua. Mizani ya ushirika wenyewe, iliyohakikiwa, ili msiitegemee ya mnunuzi. Kipimajoto cha maji kinachoachwa chini kati ya vigingi, kinachojirekodi chenyewe, ambacho mtu wa Taasisi anakuja kukisoma kila baada ya muda. Daftari lenye safu za tarehe, aina, kamba zilizofungwa, kamba zilizovunwa, kilo kavu, na hali ya mwani kwa maneno machache. Miaka michache ya kumbukumbu hizo, maji yakipata moto tena hamtaulizwa mmepoteza nini. Mtafungua ukurasa.

Hii ndiyo hoja yangu ya miaka yote na sijachoka kuisema: fedha nyingi za tathmini zinakuja baada ya maafa na kuondoka na wageni. Kazi kubwa ya tathmini ni kujua hali ilikuwaje kabla, na hali ya kabla anayo mwenyeji tu.

katibu_wa_mwani (Kusini Unguja)

Mzee wangu, Mungu akuweke. Tumekwenda kwa wakala, mimi, mwenyekiti na sheha. Hakutusumbua. Alitoa madaftari ya miaka ya karibuni, ya nyuma anasema yaliliwa na mchwa alipohamisha ghala. Tukarudi kwa unyonge.

Halafu bibi mmoja, miongoni mwa walioanza mwanzo kabisa, akatuuliza kwa nini hatukumuuliza yeye. Anazo stakabadhi zake. Ameziweka kwenye mfuko wa plastiki, zimefungwa kwa tai-tai ile ile ya mwani, mafungu mafungu kila msimu. Vijikaratasi vya kaboni, wino umekuwa zambarau hafifu, lakini vinasomeka: tarehe, herufi C au S, kilo, sahihi. Nilikaa naye ukumbini mchana kutwa tukizipanga kwenye mkeka. Miaka ya mwanzo karibu zote ni C. Kisha zinaanza kuchanganyika, na C za miezi ya kaskazi ndizo zinazotangulia kupotea, wakati za kusi bado zipo. Baadaye C zinakwisha kabisa. Hakujua kwamba ameweka ushahidi. Anasema aliziweka kwa sababu mume wake alikuwa hamwamini kuhusu kilo.

Sasa wengine watatu wamesema wanazo pia. Nina maswali mawili ya mwisho. Stakabadhi hizi tuwape hao wataalamu wakija? Na kuhusu dodoso, tukikataa kuhojiwa mpaka masharti yetu yakubaliwe, hatutaonekana wakorofi tukarukwa?

mzee_wa_tathmini (Dodoma)

Bi Katibu, nimesoma mara mbili. Mpe bibi huyo salamu zangu za heshima.

Stakabadhi asili zisitoke mikononi mwake. Msimpe mtu yeyote, awe wa serikali, wa chuo au wa Umoja wa Mataifa. Zipigeni picha moja moja mchana, kivulini, zikiwa zimelala sawa, na pembeni ya kila moja wekeni karatasi yenye namba. Kisha ziandikeni zote kwenye daftari moja kwa mpangilio wa tarehe. Kila ukurasa usainiwe na mwenye stakabadhi, katibu na sheha, na upigwe muhuri wa shehia. Nakala moja ibaki kwenye ushirika, moja kwa sheha, moja ipelekwe Taasisi ya Sayansi za Bahari na barua ya kupokelewa. Wataalamu wakija wapeni picha na daftari, si karatasi zenyewe. Majina ya wauzaji yafunikeni kwenye nakala zinazotoka nje ya shehia, isipokuwa mwenyewe ameridhia kwa maandishi.

Kuhusu ukorofi, msikatae. Andikeni barua sasa hivi kabla hawajaja, ya ukurasa mmoja, mkiwakaribisha. Muwaambie mmeandaa kumbukumbu, mnaomba mambo manne: mkulima ahojiwe kwa jina lake, ushirika upewe nakala ya takwimu zilizochukuliwa kwenu, matokeo yasomwe shehiani kwa Kiswahili kabla ripoti haijafungwa, na bajeti iwe na fungu la kumbukumbu zitakazobaki. Mwenye kuandaa ombi la fedha anaihitaji barua kama hiyo, maana wafadhili watamuuliza jamii imeshirikishwaje. Ataiambatanisha. Ikishaambatanishwa, masharti yenu yameingia kwenye ombi.

Ukimaliza rasimu niletee hapa niipitie, nawe afisa_mipango utuoneshe anwani sahihi za nakala. Mwalimu wa Pemba naye aandike ya mabonde kwa mtindo huo huo, ziende pamoja.